Kiwakacho Sebuleni

Kiwakacho sebuleni huwaka na chumbani. Mmeisikia leo pale kwa jirani mkaicheka, mkadhani inasema habari za taa. Si taa. Sogeeni karibu na jiko mpate joto, maana mvua hii ya Tukuyu haikatiki leo. Methali hii ilianza hivi, tena katika nyumba iliyopakana na yetu, nami nilikuwapo.

Nyumba ile ilikuwa ya Gwakisa Mwasomola, muuza mbao. Aliishi humo na mkewe Atupele, dada yake Subilaga, na mama yao, Bibi Tusekile. Mdogo wao wa mwisho, Anyelwisye, alikuwa dereva wa lori la chai. Mama yule aliwapenda wanawe wote, lakini Anyelwisye akiwa safarini alikuwa halali vizuri.

Bibi Tusekile alikuwa na miguu mibovu. Kukaa sebuleni kulimchosha, na kukaa chumbani peke yake kulimchosha zaidi. Gwakisa akaona amfikishie televisheni kitandani. Dishi lilikuwa moja juu ya bati, na king'amuzi kimoja sebuleni. Akaitwa fundi. Fundi akaweka kigawanyo nyuma ya king'amuzi, akapitisha waya juu ya dari hadi chumba cha nyuma, akamfungia bibi televisheni yake ndogo.

Kabla ya kuondoka alisema, "Picha itakuwa ileile moja. Mkiweka mpira huku, na bibi kule anaona mpira."

Bibi alizoea. Kwaya yake ikikatika katikati kwa sababu watu wa sebuleni wamehama stesheni, alipaza sauti, "Jamani, nirudishieni waimbaji wangu!" Nao walicheka, wakamrudishia.

Basi, asubuhi moja ya masika, Gwakisa akapigiwa simu. Lori la Anyelwisye lilikuwa limeteleza mlimani likaanguka bondeni. Anyelwisye alifia palepale.

Atupele alinijia mbio, peku, mikono imejaa unga. Alinishika mkono akanivuta. Nilimkuta Subilaga amekaa sakafuni, ameuma pindo la khanga ili kilio kisitoke. Gwakisa alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu bado i mkononi, akiitazama kama kitu alichokiokota barabarani.

"Mama asijue," alisema. "Ana presha. Tumngojee baba mdogo afike kutoka Mbeya, aje na muuguzi. Tutamwambia kwa utaratibu."

Hakuna aliyepinga. Tulilia bila sauti, kama wezi.

Mchana, taarifa ya habari ilipokaribia, Gwakisa akawasha king'amuzi na televisheni. Sauti ya televisheni akaishusha mpaka ikawa mnong'ono. Tukaliona lori limelala ubavu, magunia yamepasuka, chai imetapakaa kwenye matope. Mtangazaji akalitaja jina la dereva, lake na la baba yake. Tukashikana. Gwakisa akaizima televisheni upesi na kufunika uso.

Baadaye Atupele alinawa, akapeleka uji chumbani. Mimi nilisimama nyuma yake mlangoni.

"Asante, mwanangu," bibi alisema. "Hapo nje hamjambo?"

"Hatujambo, mama."

"Na Anyelwisye, amepiga simu?"

Atupele alishika mwimo wa mlango. "Amepiga, mama. Anasema yuko njiani."

Bibi alimtazama usoni. Kisha akasema, "Haya."

Jioni baba mdogo akafika na muuguzi. Tukajipanga kwenye ukumbi mwembamba, Gwakisa mbele. Akagonga, akafungua. Nilihisi mgongo wake ukigonga kifua changu, kwa jinsi alivyorudi nyuma.

Godoro lilikuwa chini. Bibi Tusekile, ambaye hakuweza kuinuka bila kushikwa, alikuwa amelishusha mwenyewe. Alikaa juu yake, miguu ameinyoosha, khanga ameifunga kiunoni kama mama aliyefiwa. Uji ulikuwa umeganda. Macho yake yalikuwa yamevimba hata karibu hayaonekani.

"Bado yuko njiani?" aliuliza.

Gwakisa akaanguka magotini. "Mama! Nani amekuambia?"

"Yule baba wa taarifa ya habari."

"Lakini tuliishusha sauti, mama. Tuliizima kabisa!"

"Mliizima ya kwenu, yangu ikabaki inawaka. Kiwakacho sebuleni huwaka na chumbani, mwanangu." Alizungumza polepole, na kila neno lilitushtua upya. "Mtu baki ndiye aliyeniambia kifo cha mtoto wangu. Tangu mchana nimekaa hapa nikisema, sasa watakuja. Sasa atakuja mmoja anishike mkono. Mkaniletea uji."

"Tuliogopa presha yako, mama."

"Nimelia na khanga mdomoni ili nisiwashtue ninyi mnaonificha. Nyumba ina watoto wangu wawili, nami nimefiwa peke yangu."

Baba mdogo, mtu mzima mwenye mvi, aligeuka akaegemeza kichwa ukutani. Muuguzi alitaka kumpima bibi. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Kwanza fungueni mlango wa mbele," alisema. "Mlieni mdogo wenu kwa sauti, majirani wasikie."

Subilaga akatema pindo la khanga. Kilio kilichotoka pale, wajukuu zangu, sijakisikia tena mpaka leo. Gwakisa alitambaa mpaka kwenye godoro, mama yake akampokea kifuani, na hapo ndipo walipofiwa pamoja.

Bibi hakufa siku ile. Alimzika mwanawe, akaishi miaka mingine mingi. Lakini mtaani kwetu, mtu akitaka kumficha mwenzake jambo lililo lake mwenyewe, eti kwa kumhurumia, wakubwa humkumbusha. Hawamkumbushi kwa kicheko. Humwambia tu, taratibu: kiwakacho sebuleni huwaka na chumbani.