Nusu ya Kiinua Mgongo

Upepo wa Dodoma hauna adabu. Mwezi wa Agosti huingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi, ukamjazia vumbi hata kwenye bakuli la mboga. Jioni moja ya Agosti, mwaka 1998, Yoramu alirejea nyumbani kwake, mtaa wa Kikuyu, amesinyaa kama jani la tumbaku. Tangu ujana wake alikuwa fundi wa magreda katika karakana ya serikali, lakini zama zilikuwa zimebadilika. Mashirika ya umma yalikuwa yakiuzwa, wafanyakazi wakipunguzwa, na siku hiyo fagio lilikuwa limemfikia yeye. Alikabidhiwa kiinua mgongo chake, akaambiwa asante na kwaheri.

Mkewe Priska, mwalimu wa shule ya msingi, hakulia wala hakulaumu. Alimtengea maji ya kuoga, akampakulia ugali wa uwele na mlenda, akangoja ashibe. Ndipo akamuuliza, "Sasa, Baba Ruthu, fedha hizi tutazifanyia nini?"

"Nitaziweka benki, amana ya muda maalumu," Yoramu alijibu upesi, maana alikuwa ameamua njiani. "Riba yake naijua tangu siku ya kwanza. Angalau nitalala usingizi."

Priska alitikisa kichwa. Alikuwa amesikia redioni kwamba soko la hisa limefunguliwa Dar es Salaam, na kwamba hata mwananchi wa kawaida anaweza kuwa mmoja wa wenye kampuni.

"Ruthu ndiyo kwanza yuko darasa la kwanza," alisema. "Safari yake ya masomo ni ndefu, na bei za vitu zinapanda kila uchao. Hiyo riba itazikimbiza? Tununue hisa, kidogo kidogo katika kila kampuni, ili moja ikianguka nyingine zitushike."

"Hisa! Leo ziko juu, kesho ziko chini, kama mbuzi aliyekata kamba!"

Walibishana siku kadhaa, ila ubishi wao ulikuwa wa watu wapendanao: asubuhi wananuniana, jioni wanacheka. Mwishowe Yoramu alizigawa fedha zile katikati, akalisukuma fungu moja mbele ya mkewe.

"Hizi ni zako. Zifanye upendavyo. Tukilala njaa, tutalala pamoja."

Machozi yalimlenga Priska. Alijua si kila mume angeligawa jasho lake namna ile.

Basi Yoramu akaenda benki, na Priska akanunua hisa kupitia kwa wakala. Kila kampuni mpya ilipoingia sokoni, alichukua gawio, yaani fungu lake la faida, na kununua kidogo humo pia. Yoramu naye alianza kutengeneza mashine za kusaga mitaani, na chakula kikapatikana.

Haukupita muda bei za hisa zikaporomoka. "Mama Ruthu," Yoramu alimtania, "mbuzi wako yuko wapi leo?" Priska alicheka, lakini moyoni alikuwa akiungua.

Msimu uliofuata mvua zilinyesha kana kwamba mbingu zimetoboka. Kule kijijini Mlali, tembe ya mama yake Yoramu, Bibi Paulina, ililowa udongo wa paa mpaka ikaanguka. Yoramu na Priska walifika mbio na kumkuta bibi amekaa kwa jirani, amekumbatia kuku.

"Shikamoo, mama," walisema kwa sauti za msiba.

"Marahaba. Msinililie, mimi sijafa. Iliyokufa ni nyumba."

Walicheka huku machozi yakiwatoka. Lakini kicheko hakiezeki paa. Njiani kurudi, Priska alisema, "Nitauza hisa zangu."

"Ukiuza sasa utapata nusu tu ya ulichoweka."

"Na mama akae kwa watu mpaka lini?"

"Hatakaa kwa watu. Waache mbuzi wako wanenepe. Amana yangu imetimiza muda mwezi huu, na kazi hii ni yake."

Hivyo ndivyo Bibi Paulina alivyopata nyumba ya matofali, iliyoezekwa bati. Salio dogo Yoramu alilirudisha benki. Siku ya kuhamia, mama alimwekea mwanawe mkono kichwani na kumbariki, na Yoramu alirudi mjini akitembea kifua mbele kama jogoo.

Miaka ikasonga. Hisa zilipanda, zikashuka, zikapanda tena. Kampuni moja ilififia kabisa, lakini nyingine zilikua, nazo zikazaa gawio. Ruthu alimaliza kidato cha sita, akachaguliwa kujiunga na chuo kikuu, na wazazi wakatakiwa kuchangia gharama. Yoramu alikwenda benki kwa matumaini, akarudi akijikokota. Benki haikumdhulumu hata senti. Riba aliyoahidiwa ndiyo aliyopewa. Ila bei za vitu zilikuwa zimeipita mbio. Hata alipopiga hesabu kana kwamba hakujenga nyumba ya Mlali, fungu lake lote lisingemfikisha Ruthu mwisho wa masomo. Fedha zilikuwa zimenenepa kwa tarakimu, zikakonda kwa nguvu ya kununua.

Priska aliuza sehemu ya hisa zake. Zilitosha ada ya Ruthu mpaka mwisho, na nyingine zikabaki sokoni.

Siku hiyo Yoramu aliketi barazani. Priska akaja, akakaa ubavuni pake.

"Umenishinda, Mama Ruthu," alisema. "Kama ningekusikiliza, leo tungekuwa matajiri."

"Usiseme hivyo. Kama zote zingekuwa hisa, mvua ile ingenilazimisha kuziuza zikiwa chini, na leo nisingekuwa na kitu. Amana yako ilimjengea mama nyumba, tena ikazilinda hisa zangu."

Yoramu alimtazama kwa jicho la pembeni. "Kwa hiyo na mimi nimeshinda?"

"Nusu," alijibu Priska, akamfinya shavu kama mtoto.

Yoramu akacheka mpaka majirani wakachungulia. Alikuwa ameelewa sasa: fedha ya kuzima moto wa ghafla haifanyi kazi ya fedha ya safari ndefu, wala ya safari haizimi moto. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kila mlango na ufunguo wake.