Simu Iliyolia Geti la Juu

Mfunga njia hajui atasimama upande upi.

Neno hilo mmelisikia jana kwa baba yenu mdogo, alipokuwa akibishana na jirani aliyesimika nguzo katikati ya kichochoro. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi. Mna bahati, wajukuu zangu. Wengi wanaolitumia siku hizi wameliokota tu vinywani mwa watu, lakini mimi nililisikia likitamkwa kwa mara ya kwanza, kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kikiwa kichwani na shingo ikiniwaka moto. Kaeni, ila msinikatize. Neno hili lilizaliwa hivi.

Chini ya kijiji chetu, pale panapoitwa Mivinje, palikuwa na shamba kubwa la kahawa, na katikati yake ilipita njia ya miguu tangu enzi za bibi zangu. Wanawake wa juu waliteremka nayo kupeleka ndizi sokoni, watoto wakaenda nayo shule, wagonjwa wakaenda nayo zahanati. Hakuna aliyewahi kuuliza ile njia ni ya nani. Baadaye shamba likauzwa, likakatwa viwanja, zikaota nyumba za vigae zenye kuta ndefu. Njia yetu ikawa barabara ya lami, na kando yake yakapangwa matofali mazuri ya kupitia wenye miguu. Sisi tuliozoea tope tulifurahi. Tulidhani tumetengenezewa.

Tulijidanganya. Wenye nyumba waliunda umoja wao, wakamchagua mwenyekiti, Bwana Anaeli Lyatuu, mtu wa kwetu kwa asili ila aliyekulia mjini. Nao, niseme haki, walikuwa na lao la kusema. Lami walijitengenezea, taa waliziweka wao, takataka walizoa wao. Kina mama wa ndizi walipumzikia ukingoni mwa matofali wakaacha majani na maganda, na pikipiki za vijana wetu zilipita mbio mbele ya watoto wao. Tulipokwenda halmashauri kuuliza, tuliambiwa barabara ile haijakabidhiwa, kwa hiyo bado si ya serikali. Lakini njia ilikuwepo kabla ya nyumba, kwa hiyo si ya mtu binafsi pia. Jibu gani hilo? Tuliondoka tumevurugika kuliko tulivyokwenda.

Mwisho wake wakafunga. Geti la chini, linalotazama barabara kuu, likaachwa kwa ajili ya magari yao. Geti la juu, la upande wetu, likatiwa mnyororo na bango: BARABARA BINAFSI, WA MIGUU HAWAPITI. Anayetaka kwenda sokoni azunguke korongoni, kwenye miiba wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika.

Tangu siku ile kijiji hakikutulia. Upepo ukivuma, mnyororo ule uligonga chuma, tukausikia hadi jikoni. Vijana walitaka kwenda kuukata, wazee wakawazuia, kesho yake yakaanza upya. Watu waligombana kwa vitu vya kipuuzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiinuka kitini bila kujua nakwenda wapi, nachungulia kule chini, narudi, naketi, nainuka tena.

Katikati ya fukuto hilo, Eliawira, mtoto wa kaka yangu, akaja kusema amepata mchumba. Ni nani? Manka, binti wa Anaeli Lyatuu! Kaka yangu aliweka kikombe chini akamwambia, "Nyumba zote za dunia hii hukuziona?" Eliawira akajibu kwamba ni Manka au abaki hivyo alivyo. Walikuwa wamesoma pamoja chuo cha ualimu, na mapenzi yao yalikuwa yameshakomaa. Tungefanyaje? Tulikubali, na upande wa binti ukakubali, ikapangwa Jumamosi tupeleke pombe ya kuomba mchumba.

Sasa sikilizeni desturi ya ukoo wetu, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Pombe ya kuomba mchumba haipandi gari. Hubebwa kichwani, kwa miguu, kwa njia ambayo majirani wataiona, kwa sababu uchumba si jambo la kufichwa. Kibuyu hakigusi ardhi mpaka kipokelewe na mikono ya nyumba ya binti. Na tukibisha mlango tukakataliwa, hatubishi mara ya pili. Tunageuka, tunarudi, na uchumba umekwisha hapo hapo.

Anaeli alikuwa ameyasikia hayo utotoni, lakini mji ulikuwa umeyafuta. Yeye alijua wageni huja na magari. Aliwaagiza walinzi wa geti la chini waruhusu kila gari, akapamba maua, akakodi viti na mapazia. Geti la juu hakuliwaza hata kidogo. Siku zote alipita la chini, ndani ya gari lenye vioo vyeusi.

Tuliteremka kabla jua halijakuwa kali. Mbele alikuwa mshenga wetu, Mzee Kaanaeli, na fimbo yake. Nyuma yake sisi wanawake peke yetu, kila mmoja na kibuyu, tukiimba. Mbege ilikuwa imeiva vizuri, ikifurukuta, povu likinichuruzika hadi sikioni. Eliawira alikuja nyuma kabisa na suti yake mpya, kila mara akijifuta jasho. Tulipofika geti la juu tulinyamaza, Mzee Kaanaeli akagonga kwa fimbo.

Mlinzi alitokeza uso. Alikuwa kijana mgeni kutoka Singida, akiitwa Kitundu, aliyeletwa kazini wiki ile ile. Alimsalimu mzee kwa adabu, akatazama vibuyu, akatazama bango.

"Shikamoo mzee. Samahani, wa miguu hawapiti hapa."

"Marahaba. Sisi ni wageni wa mwenyekiti, mwanangu. Tumeleta pombe."

"Basi nisubirini nimpigie. Mimi hata sura simjui bado, namjua kwa sauti tu."

Akapiga, na kwa kuwa simu yake ilikuwa mbovu ya kusikilizia, akaiweka sauti ya nje. Sote tulisikia.

"Mwenyekiti, kuna watu wa miguu hapa juu. Kina mama wana vibuyu vya pombe. Wanasema—"

"Leo tena?" Sauti ya Anaeli ilipasuka kwenye simu. "Siku ambayo mimi nina wageni wa heshima ndio wanataka kunipitishia pombe za sokoni? Wazungushe korongoni! Na usinipigie tena."

Simu ikakatika. Kitundu aliinamisha macho, masikini. Ninyi hamjawahi kubeba aibu na kibuyu kwa wakati mmoja, kwa hiyo hamwezi kujua uzito wake. Nilitaka kupiga kelele nikashindwa, nikitikisika tu kibuyu kitamwagika. Nilimtazama Eliawira. Alikuwa ameshika vyuma vya geti kwa mikono yote miwili.

"Mzee, hakujua ni sisi," alisema. "Naomba tugonge tena. Mara moja tu."

Mzee Kaanaeli alitikisa kichwa. "Tumegonga, tumejibiwa. Baba yako aligonga mara moja, na babu yako pia. Desturi hiyo sitaivunja mimi." Akageuka. Nasi tukageuka na vibuyu vyetu kichwani, tukaanza kupanda mlima, bila wimbo.

Kule ndani, kama alivyotusimulia Manka baadaye, yeye alikuwa akipanga vikombe wakati baba yake anafoka. Alisimama akamwuliza, "Baba, hao wa vibuyu wamesema wanakwenda sokoni?"

"Sasa watakuwa wanakwenda wapi?"

"Leo ni Jumamosi, baba. Wanakuja hapa! Hiyo ni pombe yangu!"

Anaeli akatoka mbio. Kwa kuwa alikuwa amesema tuzungushwe korongoni, Manka alikimbilia huko, akapenya kwenye ua wa nyuma akitutafuta miibani. Baba yake alikimbilia geti la juu. Kitundu alimwona mtu wa suti anatoka ndani, akamfungulia kwa heshima bila kumtazama usoni, akafunga nyuma yake kama alivyoagizwa.

Alitukuta mlimani, pumzi zimemwishia, amesahau hata viatu, yuko na soksi.

"Wakwe zangu, nisameheni! Sikujua ni ninyi. Naapa sikujua."

Mzee Kaanaeli alisimama lakini hakurudi hata hatua moja. "Naamini hukujua. Ungejua ni sisi ungefungua. Na kama kweli wangekuwa kina mama wa sokoni, Bwana Lyatuu? Wao ndio wa kuzungushwa korongoni?"

Anaeli aliinama akazitazama soksi zake. Nilimwonea huruma, na hasira pia sikuiacha. Wakati huo kichaka cha korongoni kikatikisika, akatokeza Manka. Gauni la hariri lilikuwa limechanika, miguu imepakaa tope, mkono unavuja damu ya miiba. Eliawira alimkimbilia. Manka alimpita, akaenda kusimama mbele ya baba yake.

"Nimekwenda kuwatafuta wageni wangu ulikowaelekeza," alisema, akilia. "Mama wa watu huteremka pale na mkungu wa ndizi kila siku, baba. Mimi sikubeba chochote nikaanguka."

Nilihisi shingo inakatika, na mbege ikizidi kuvimba kibuyuni. Tulikuwa tumebanwa: kuitua chini haturuhusiwi, kugonga tena haturuhusiwi, na kuirudisha nyumbani ni kumwua Eliawira akiwa hai.

Hatimaye Anaeli akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, ninyi hamgongi mara mbili. Lakini mimi sijagonga hata mara moja. Nikigonga mimi, mtanifuata?"

Mzee Kaanaeli alifikiri, akiizungusha fimbo yake. "Hilo desturi haikulikataza," alisema.

Tukateremka tena, mwenyekiti mbele na soksi zake, sisi nyuma. Akafika getini, akagonga. Kitundu akatokeza uso. Aliona watu wale wale aliowarudisha, na mbele yao mwanaume asiye na viatu, suti imejaa vumbi.

"Samahani mzee. Wa miguu hawapiti hapa."

"Fungua, kijana," Anaeli alisema, sauti imemkauka kwa mbio. "Mimi ndiye mwenyekiti."

Kitundu alimtazama miguu, kisha akatazama vibuyu. "Mzee wangu, usinitafutie matatizo. Mwenyekiti hapiti huku, na ameniambia nisimsumbue. Lakini kwa heshima yako, acha nimpigie mara moja tu."

Akabonyeza simu. Tukasubiri. Mara, mfukoni mwa Anaeli, simu ikaanza kulia.

Ililia, ikalia. Anaeli aliitoa, akaishika mkononi, akaitazama. Akatazama bango aliloliandikisha yeye mwenyewe. Akatutazama sisi, jasho na povu likitutiririka, halafu Manka na tope lake. Kitundu, simu mkononi, aliitazama simu ile nyingine ikilia upande wa pili wa vyuma, macho yakamtoka. Ndipo Mzee Kaanaeli, ambaye hakuwa ametabasamu tangu asubuhi, akasema pole pole:

"Mfunga njia hajui atasimama upande upi."

Mwanamke mmoja nyuma yangu aliangua kicheko, kikatuambukiza wote, hata kibuyu changu kikayumba. Anaeli hakucheka mwanzoni. Machozi yalimtoka kwanza, kicheko kikafuata. Kitundu alikuwa akihangaika na kufuli, funguo zikimwanguka, akiomba radhi.

"Usiombe radhi," Anaeli alimwambia. "Umeshika amri yangu. Sasa shika nyingine: fungua, na huo mnyororo nipe mimi."

Tukapita. Hatukupita chini kwenye lami, tulipita juu ya yale matofali ya wenye miguu, tukiimba kwa nguvu, na watu wakatokeza kwenye mageti yao kututazama. Wengine walikunja nyuso. Manka na mama yake walinitua kibuyu kwa mikono yao, na nilipokiachia niliketi hapo hapo chini nikalia, sijui kwa furaha au kwa shingo. Eliawira na Manka wakaoana. Mama yenu ni mtoto wao, ndiyo maana mko hapa mnanichosha.

Msidhani ugomvi uliisha siku ile. Mikutano iliendelea, wapo waliotaka Anaeli ajiuzulu, na wapo waliodai mwanya wa geti la juu utawaletea wezi. Yeye alisimama kila mara akawaambia jambo moja: njia ya miguu ifunguliwe asubuhi hadi jioni, na kina mama waondoke na maganda yao. Wenzake walimpigia kelele kwamba barabara ni yao, waliitengeneza wenyewe. Alikuwa akiwaacha waseme mpaka wachoke, halafu anawajibu kwa neno la Mzee Kaanaeli, na kwa kuwa wote walikuwa wamesikia habari ya simu na soksi, mwishowe njia ikaachwa wazi.

Kwa hiyo kesho, mkimwona jirani na nguzo yake, msimtukane, yeye ni mkubwa wenu. Msalimuni, mpite mnakopita siku zote, na akiwauliza mmefundishwa nini na bibi yenu, mwambieni: mfunga njia hajui atasimama upande upi.