Mlolongo wa Simbamarara

Hapo zamani za kale, duriani likiwa bado halijaota miiba, kulikuwa na kisiwa mashariki ya mbali, kisiwa cha mianzi na mashamba ya mpunga yaliyopanda mlima kama ngazi. Wanyama wa huko walikuwa na nyumba, majiko na majirani wambeya, kama sisi tu. Mkubwa wao alikuwa Simbamarara, Mwenyekiti wa Chama cha Milia.

Chama kilikuwa hicho kimoja. Na kila siku ya mkutano, kila mnyama sharti ajichore milia kwa masizi ya chungu. Nyani, milia. Bata, milia. Hata konokono! Wadogo zangu, mmeona wapi konokono mwenye milia?

"Milia!" hulia Kasuku, msemaji wa chama, akiwa juu ya jiwe lake.

"Juu!" huitika wote. Asiyeitika alijulikana, na aliyejulikana hakuonekana tena.

Sasa, mwaka huo Simbamarara alipenda kuoga. Si kosa kuoga. Lakini yeye aliziba mto kule juu kwa magogo, maji yote yakawa bwawa lake. Chubwi! asubuhi. Chubwi! jioni. Huku chini mashamba yakapasuka nyufa, na miche ya mpunga ikaanza kugeuka rangi ya majani makavu.

Bi Bata, mjane mwenye vifaranga tele na kijishamba kimoja, akasimama mkutanoni.

"Mwenyekiti, maji yetu yatarudi lini? Miche yangu haifiki mwezi mwandamo."

Wanyama wote wakatazama chini. Hata nzi walitua.

Kasuku akapanua mbawa. "Mmesikia! Bi Bata anamshukuru Mwenyekiti kwa bwawa zuri! Milia!"

"Juu!"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Ukilia njaa, unaambiwa umetoa shukrani.

Lakini korongo wa visiwa vya jirani, waliokuwa wakipita angani, walikuwa wakiucheka uchaguzi wa kisiwa kile. Uchaguzi gani, mgombea mmoja? Kasuku akanong'ona sikioni mwa bwana wake: "Mwenyekiti, tuwazibe midomo. Turuhusu mgombea wa pili. Mdogo, dhaifu, wa kuonyesha wageni."

"Nani?"

"Bi Bata."

Simbamarara akacheka mpaka akashika mbavu. "Nani atathubutu kusimama nyuma ya bata mbele ya macho yangu? Haya! Kesho watu wapange mlolongo, kila mmoja nyuma ya amtakaye. Korongo wahesabu. Mshindi ndiye atakayeamua mambo ya mto."

Jioni ile Bi Bata alikaa jikoni kwake bila hata kuwasha moto. Jirani yake, binti Kindi, mwenye mkia mkubwa kuliko mwili na mdomo mkubwa kuliko mkia, akaingia pamoja na Nyati. Yaani kiliingia kichwa tu cha Nyati, dirishani. Mwili ulibaki nje.

"Mjomba Nyati," Kindi akauliza, "kesho utasimama wapi?"

Nyati akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Nyuma ya Mwenyekiti."

"Unampenda?"

"Nimpende? Shamba langu limekuwa kigae! Lakini akiniona nyuma ya bata, mwanangu, keshokutwa mimi ni kitoweo. Niko peke yangu."

"Nungunungu naye kaniambia hivyo hivyo: niko peke yangu. Tumbili naye: niko peke yangu. Loo! Peke yenu mko wengi kweli!"

Bi Bata akafuta machozi kwa ubawa. "Afadhali nijitoe. Nitaaibika, na miche itakufa vilevile."

"Usijitoe, shangazi. Miguu ya watu ni mizima, itatembea. Kinachoifunga ni macho ya Simbamarara. Niachieni macho hayo."

"Na Kasuku je?" Nyati akauliza. "Jiwe lake liko pale pale uwanjani. Ataona kila kitu."

"Ataona, sawa. Lakini lini umemsikia akipeleka habari mbaya? Msemaji aliyemtangulia alisema tu kwamba paa la Mwenyekiti linavuja. Yalimpata nini?"

"Alinyonyolewa manyoya yote," Nyati akasema, "na hakuna aliyemwona tena."

"Basi! Mimi naomba kitu kimoja, mjomba: kelele zisikatike. Itikieni 'Juu!' mkiwa popote."

Asubuhi Kindi akajipaka masizi mazito, akamwendea Simbamarara.

"Shikamoo, Mwenyekiti! Leo utasimama ukitazama upande gani?"

"Nitawatazama wapiga kura wangu, nimjue kila mmoja."

"Ai!" Kindi akajishika mdomo. "Mbele ya wageni? Korongo si watasema una hofu? Wa kugeukageuka ni bata, mwenye watu wawili watatu. Mkubwa huwapa watu mgongo, watu wakamfuata! Tazama lile jabali la mlimani. Tutapiga kelele, jabali litarudisha, utajisikia unapendwa na kisiwa kizima na mlima wake."

Simbamarara akazisokota sharubu. Aliipenda hiyo. Akaipenda kiasi cha kuwatangazia korongo kwa kinywa chake mwenyewe: "Mimi sigeuki nyuma! Nitageuka mkishanitajia mshindi. Na mtakalolisema, ndilo!"

Watu wakajipanga. Mlolongo wa Simbamarara ukazunguka uwanja, ukavuka tuta, ukaishia kwenye mianzi. Nyuma ya Bi Bata, pembeni mwa uwanja, walikuwapo vifaranga wake tu, na vifaranga hawapigi kura.

Kindi alisimama wa kwanza nyuma ya Mwenyekiti, akiwa ameushika mkia wake kwa heshima.

"Milia!" Kasuku akalia.

"Juu!"

Jabali likajibu: juu... juu... juu...

"Aaah," akasema Simbamarara, macho nusu yamefumba.

Kindi akamkonyeza Nyati. Nyati akatikisa kichwa: hapana. Akamkonyeza Nungunungu. Nungunungu akajifanya anajikuna. Kindi akaanza kujiuliza. Je, wakikataa? Kijishamba cha shangazi ndiyo kwisha!

Mara akaona kitu kinang'aa katikati ya uwanja. Konokono! Kumbe yeye, akiujua mwendo wake, alianza kuhama zamani, hata kabla hajakonyezwa mtu. Nyeeete, nyeeete, milia yake ya masizi ikifutika kwenye majani.

Kila mtu akamtazama. Kasuku akamwona. Akafungua mdomo...

"Kasuku!" Simbamarara akanguruma, uso kwenye jabali. "Mlolongo wangu vipi?"

Kasuku akayatazama manyoya yake. Akalikumbuka lile paa lililovuja. "U-u-unapendeza, Mwenyekiti! Haujapata kutokea!"

Konokono akafika, akasimama nyuma ya Bi Bata. Hakuliwa.

Basi Nungunungu akatoka. Tumbili akatoka. Nyati akanyanyua kwato moja, akaitua taratibu kama anayekanyaga mayai. Kisha ya pili. Kisha akaenda zake! Nyuma yake wakamiminika wote, wananyata, na midomo inapasuka:

"Milia!"

"Juu!"

"Milia!"

"Juuuu!"

Jabali nalo halikubaki nyuma.

"Kasuku! Sasa vipi?"

"Unasonga, Mwenyekiti!" Kasuku akalia. "Unasonga mbio!"

Korongo wakapita na miguu yao mirefu, tap, tap, tap, wakahesabu. Mkubwa wao akakohoa.

"Semeni, semeni!" Simbamarara akatabasamu kwa jabali.

"Bi Bata: kisiwa kizima. Simbamarara: mmoja."

"MMOJA?"

Akageuka. Uwanja mweupe! Nyuma yake yuko Kindi peke yake, kashika mkia.

"Wako wapi?"

"Wamehama, Mwenyekiti. Hata mimi nilikuwa nakushikia mkia tu." Akauachia. Ruka, ruka, ruka, huyoo, upande wa pili. "Korongo, futeni na huyo mmoja!"

Simbamarara akanguruma. NGUUURRR! Majani yakapukutika. Na hapo, wadogo zangu, siku nyingine zote uwanja ungebaki vumbi.

Nyati akataka kukimbia. Akatazama kushoto, Nungunungu yupo. Akatazama kulia, Tumbili yupo. Akatazama nyuma, mwisho wa mlolongo hauonekani.

"Kumbe tuko wengi hivi?" akasema. Akainamisha pembe. "Ngurumo nzuri, Mwenyekiti. Sasa tupishe, tunakwenda kufungua maji."

Simbamarara akapiga hatua. Pembe hazikurudi nyuma, na miiba ya Nungunungu ikasimama, shaa! Akapisha.

Kasuku, mwepesi wa kunusa upepo, akarukia kichwa cha Bi Bata. "Bata! Semeni juu!"

"Shuka hapo," Bi Bata akasema. "Nikikosea, utaniambia?"

"Hukosei kamwe, Mheshimiwa!"

"Nilijua. Basi kazi yako tangu leo ni kuniletea habari mbaya. Kila asubuhi. Anza sasa."

Kasuku akahangaika, akageuza shingo, akajikuna. "Mbaya... Basi, Bi Bata... una masizi puani."

Kisiwa kizima kikacheka, na Bi Bata akacheka kuliko wote, akijipangusa. Kisha wakapanda mlimani. Nyati akasukuma magogo kwa paji la uso: moja, puu! la pili, puu! Maji yakashuka ngazi za mashamba, shwaaa, na vifaranga wakashuka nayo wakipiga makelele, mpaka kwenye miche ya mama yao, ambayo mizizi yake ilikuwa bado hai.

Anayewaziba watu midomo, wadogo zangu, huwa amejiziba masikio mwenyewe.