Bi Nungunungu na Fimbo ya Kivuko

Nina kitu mdomoni.
— Kiteme.
Nikiteme wapi?
— Masikioni mwetu.
Basi sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakilima na kuuziana, palikuwa na mto mpana. Ng'ambo hii mashamba, ng'ambo ile soko. Mkuu wa kivuko alikuwa Kiboko, na sheria ilikuwa moja: mtumbwi hauingii majini mpaka uguswe kwa fimbo ya Kiboko.

Mtumbwi ulioguswa ulikuwa mmoja tu, wa Fisi. Kwa nini? Fisi alimwoa dada yake Kiboko. Msiniulize harusi ilikuwaje, hata mpiga ngoma alikimbia. Kila jioni Fisi alimpelekea shemeji yake tikiti maji. Kiboko akila, akicheua, akisema, "Shemeji, wewe ndiye maendeleo yenyewe."

Kobe akachonga mtumbwi, akaupeleka. "Subiri," akasema Kiboko, "fimbo imelala." Nyani akachonga wake. "Subiri, fimbo imelala." Swala naye akachonga. "Fimbo imelala." Fimbo gani hiyo, jamani, inalala kuliko mgonjwa?

Fisi akapandisha nauli atakavyo. Mtumbwi unavuja, hazibi. Akishiba, havushi mtu. Sokoni watu wanakula ugali mkavu kwa kukosa nyanya. Huku kwetu nyanya zinaoza ukingoni, nzi wanafanya sherehe. Wakulima wakatupa majembe.

Bi Nungunungu alibaki na matenga yake ya mwisho.

"Hizi zikioza, tunahama," akamwambia mumewe.

"Si umwombe Kiboko? Ni mtani wako yule."

"Nimemwomba. Fimbo imelala."

Mara shangazi yake Kiboko akafariki, bibi aliyekula miaka mpaka akaichoka. Na utani mnaujua. Mtani akija msibani ana ruhusa kunyakua chochote cha mfiwa, akitumie apendavyo, mpaka kikombolewe. Mfiwa akikasirika, aibu yake na ya ukoo mzima.

Bi Nungunungu akaingia analia kuliko wafiwa. "Bibi wee, umeondoka, na matikiti umemwachia huyu peke yake?" Waombolezaji wakaangua kicheko. Kiboko akainama kufuta machozi. Akiinuka, fimbo haipo.

"Mtani, rudisha."

"Ikomboe."

"Nakupa boga."

"Dogo." Huyo, anashuka mtoni. Akaugusa mtumbwi wa Kobe.

"Maboga mawili."

"Yamejaa maji." Akaugusa wa Nyani.

"Maboga matatu na jogoo."

"Jogoo wako ana maringo." Akaugusa wa Swala, akaugusa na wa kila aliyewahi kuchonga.

Fisi akaja mbio. "Shemeji, mnyang'anye."

Kiboko akaitazama miiba ya Bi Nungunungu. Akawatazama watu wote wa msiba. "Mnyang'anye wewe."

Fisi akanyoosha mkono. Akaurudisha mahali pake.

Mitumbwi yote ilipokwisha kuguswa, Bi Nungunungu akasema, "Lete lile boga la kwanza. Moja linatosha, mtani wangu, mimi sina tamaa." Akarudisha fimbo kwa heshima zote. Na mtumbwi ulioguswa umeguswa. Sheria ya Kiboko mwenyewe haikusema namna ya kuuondolea mguso.

Asubuhi nyanya zikafika sokoni zingali ngumu. Nauli ikashuka. Majembe yakaokotwa. Watu wa ng'ambo nao wakaanza kutuletea chumvi na vyungu, mto ukawa na kelele kama harusi.

Na Fisi? Alikaa ukingoni bila abiria hadi akaziba matundu, akaosha mtumbwi, akaosha na uso. Bi Nungunungu alipopita, akamkimbilia.

"Shikamoo, mama. Nikushikie tenga?"

"Nauli yako?"

"Kama ya wenzangu."

"Kama ya wenzako, nitapanda kwa wenzako."

Fisi akameza mate. "Pungufu kidogo, mama."

Bi Nungunungu akapanda, akakaa, akakunja miiba. Fisi akashika kasia, akapiga, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akatoka jasho.

Ngano yangu imevuka, imeshuka, imeshika njia ya sokoni.
— Na sisi?
Ifuateni. Mimi nimekaa.