Bonge la Udongo Lililopumua

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake ni kwamba anayenyamaza muda mrefu ana jambo moyoni, na siku akilitoa, hata kuta zitasikia. Mfinyanzi mmoja aliijua methali hiyo tangu utotoni, ila hakuwahi kudhani inamhusu mumewe.

Mume huyo alikuwa mwalimu mstaafu, mpenzi wa wanyama wa ajabu. Wateja wakija kununua mitungi, aliwasimulia kwamba pweza ana mioyo mitatu, na kwamba farasi wa baharini dume ndiye hubeba mimba. Wakambandika jina la Mzee Pweza. Siku moja mkewe alichoka.

"Baba watoto, hao pweza wako hawafinyangi chungu. Nyamaza basi!"

Mzee akanyamaza. Hakununa wala hakugomba. Kwa miezi mitatu aliketi kwenye kigoda chake mlangoni, kimya kama maji mtungini, na akipewa chai aliitikia kwa kichwa. Mwanzoni mfinyanzi alistarehe. Baadaye chumba cha kazi kikawa kikubwa mno kwake. Alitamani asikie habari za pweza hata mmoja, lakini kuomba radhi kulimshinda.

Kiangazi hicho udongo ulichimbwa kwenye bwawa lililokauka. Asubuhi moja aliweka bonge kubwa juu ya jiwe, akainua mchi wa kupondea. Mwanga wa dirishani ulijaa vumbi lililoelea taratibu, kama usingizi.

"Acha!"

Vyungu vilitetema rafuni. Mchi ukabaki hewani.

"Umenitoa roho, mwanamume wewe!"

Mzee alikuwa amepiga magoti, kidole kwenye kitundu kidogo cha bonge. "Humu kuna kamongo. Samaki mwenye mapafu. Bwawa likikauka hujizika topeni, akalala hadi maji yarudi. Hata miaka."

"Samaki? Kwenye udongo wangu?"

"Nipe beseni la maji. Kama hayumo, sitafungua mdomo tena mpaka nife."

Mfinyanzi alimjua: akiahidi ameahidi. Alilitia bonge beseni, akayamimina maji mwenyewe, akamwombea samaki ambaye hajamwona. Wakaketi bega kwa bega. Udongo ukayeyuka polepole, maji yakageuka rangi ya chai, saa zikapita kama mawingu.

Alasiri maji yalitikisika. Pua butu ikachomoza, ikavuta hewa kwa mlio wa mtu anayeamka.

Mfinyanzi alicheka huku machozi yakimtoka. Akavuta mtungi mkubwa kuliko yote, ulioagizwa na mteja wa kesho, akampa samaki uwe nyumba yake.

"Nisamehe, baba watoto. Hiyo mioyo mitatu ya pweza ni ya kazi gani?"

"Miwili husukuma damu kwenye matamvua," mzee akaanza, "na wa tatu..."

Alisimulia mpaka chai yake ikapoa, na mkewe hakumkatiza hata mara moja. Ama kweli, kimya kingi kina mshindo mkuu.