Radhi Mbili za Bi Mwanakombo

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala fisi. Ina uwanja wa ndege, mama mmoja mgonjwa, na wanawe. Uongo nitautia mimi, uamuzi mtautia nyinyi, na nawaambia mapema kwamba mimi mwenyewe umenishinda.

Palikuwa na mama mmoja wa Tanga, Bi Mwanakombo, mjane wa Mzee Shekue. Alizaa watoto wanne, lakini ukimwuliza alitaja watatu, kisha akakuuliza habari za kwenu. Hao watatu kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Zaituni, kifungua mimba, alijaliwa sikio. Sauti aliyoisikia mara moja haikumpotea tena. Akiwa jikoni aliweza kukwambia nani anapita nyuma ya ukuta kwa kikohozi tu, na majirani walijifunza kumsengenya wakiwa mbali sana.

Hemedi, wa pili, alijaliwa kungoja. Akitaka jambo kwako habishani, anaketi. Unakataa, anaketi. Unakwenda kulala, ukiamka unamkuta barazani, naye anakuamkia kwa adabu zote. Hata mke alimpata hivyo, baba mkwe alipochoka kumwona.

Nuru, kitinda mimba, alijaliwa kuuliza. Ukimwambia neno, lazima ajue umelisema kwa maana ipi. Mwalimu wake wa chuoni alimpachika jina la Bi Kwanini, na jina likamganda mpaka alipoolewa.

Sasa, Bi Mwanakombo aliugua, akapelekwa India kutibiwa. Walikwenda naye wote watatu kwa sababu hakuna aliyekubali kubaki. Madaktari wa huko walimpima, wakampima tena, mwisho wakasema kwa upole: mrudisheni nyumbani, mkae naye. Maana yake kila mtu aliielewa, na mama aliielewa kabla ya wote.

Njia ya kurudi ilipitia nchi moja ya Waarabu. Walishuka asubuhi, na ndege ya kuwapeleka Dar es Salaam ilikuwa ya jioni. Waliowahi kushinda kwenye viwanja vile wanajua: taa hazijui mchana wala usiku, baridi ya mashine inakuingia mpaka kwenye mifupa, na chai kikombe kimoja wanaiuza kama vile majani yake yamechumwa peponi. Zaituni akataka mama atafutiwe kitanda cha kulipia alale. Hemedi akataka ampandishe kile kitreni cha ndani ya uwanja, aone maajabu. Nuru akataka waende kwenye duka la manukato, wapulizwe bure.

Mama akawasikiliza wote, kisha akasema, "Tangu tulipomzika baba yenu hatujakaa pamoja kutwa nzima bila daktari kutuita. Leo ndege imetulazimisha, nanyi mnataka kunizungusha madukani? Tandikeni kanga hapo pembeni, tukae."

Wakatandika. Wakala chapati walizofungasha, wakamkanda miguu, wakakumbushana utundu wa zamani, nani alimwaga tui la futari akamsingizia paka. Mama alicheka mpaka akakohoa. Wapita njia waliwatazama, wengine wakatabasamu. Kisha mama akageukia dirishani, akasema taratibu, "Mwenzenu yuko nchi hii hii."

Zaituni akaanza kufunga chapati zilizobaki.

"Nimesema tu," akasema, akajifunika kanga, akalala.

Mwenzao huyo ni Swalehe, mtoto wa tatu, yule asiyetajwa. Baba yao alipofariki, hata arobaini haijafika, Swalehe alipata kazi Uarabuni na safari ikamjia ghafla. Alimpigia mama simu akiwa uwanjani, akamwambia, "Nakuomba radhi, mama." Mama akamjibu, "Radhi sina ya kukupa," akakata simu. Basi. Tangu siku hiyo mtoto hakupiga, wala mama hakupiga. Mtaani kote ikajulikana kwamba Swalehe kanyimwa radhi, na mtoto aliyenyimwa radhi ya mamaye, jamani, mnajua wenyewe watu wanavyomtazama. Hata ndugu zake waliogopa kumtaja. Na sasa mama anakwenda nyumbani kumalizia siku zake na jambo hilo kifuani, na njia hii hataipita tena.

Sikilizeni kazi ya Zaituni.

Adhuhuri iliingia, na katika uwanja ule kuna chumba cha kuswalia. Mtu mmoja akaadhini. Abiria walisikia adhana kama adhana nyingine. Zaituni alisikia kijana aliyekuwa akiadhini alfajiri kwenye msikiti wa nyuma ya nyumba yao, yule ambaye akifika kwenye "hayya alal-falah" huivuta kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaacha kiatu kimoja palepale, akaifuata sauti katikati ya masanduku na mikokoteni na matangazo ya kila lugha. Alisimama nje ya mlango wa wanaume mpaka swala ikaisha. Wakatoka watu, na kati yao akatoka Swalehe, amevaa sare ya wapakiaji mizigo, ndevu zimeanza mvi. Macho yao yakakutana. Swalehe akageuka, akaingia kwenye mlango wa wafanyakazi, ukajifunga nyuma yake. Zaituni akarudi akilia kimyakimya, akawanong'oneza wadogo zake ili mama asiamke.

Sikilizeni kazi ya Hemedi.

Hemedi akainuka. Alikwenda kwenye mlango ule, akaketi chini. Askari akamwambia haparuhusiwi, akasogea. Askari akazunguka, akarudi akamkuta palepale. Wafanyakazi waliingia na kutoka wakimruka miguu, na kila mmoja alikwenda ndani kusema kuna Mwafrika amekaa nje kama sanduku lisilo na mwenyewe. Alasiri ikapita. Mwisho Swalehe akatoka.

"Kaka, ondoka," akasema. "Utanifukuzisha kazi."

"Sijakuzuia kazi. Nimekaa tu."

"Mama alininyima radhi. Nitamwendea kwa uso gani?"

Hemedi akajisogeza, akamwachia nafasi ya kukaa. Swalehe akasimama, akatembea huku na huku, akachoka, akaketi naye chini. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, muda mrefu. Ndipo Hemedi akasema, "Madaktari wametuambia tumrudishe nyumbani tukae naye. Jioni hii tunaondoka." Akainuka, akajipangusa, akaenda zake bila kugeuka nyuma. Alijua anafuatwa.

Na sikilizeni kazi ya Nuru.

Swalehe alipiga magoti mbele ya kanga ile. "Shikamoo, mama."

Mama alikuwa ameshaamka. Alimtazama ndevu, akamtazama mikono iliyokomaa kwa mizigo. Mikono yake mwenyewe iliinuka kidogo, kisha akaificha chini ya kanga. Shikamoo ile haikuitikiwa. Mnajua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa? Ilibaki pale kati yao, na ndugu wote wakainamisha vichwa.

"Huyu," mama akasema, akimwambia Zaituni, "si ndiye aliyeliacha kaburi la baba yake bichi akapanda ndege? Halafu ananipigia simu, eti naomba radhi. Kama mtu aliyemkanyaga mwenzake mguu sokoni."

Swalehe akaanza kuinuka aondoke. Na angeondoka, kwa sababu alikuja kusikia hukumu na ameshaisikia.

Nuru akasema, "Ngojeni. Kaka Swalehe, siku ile uliomba radhi ya nini?"

"Radhi ni radhi, Nuru. Usianze."

"Nakuuliza, kaka. Ya nini?"

"Ya safari," Swalehe akasema. "Baba hayupo, ningemwomba nani aniombee dua? Niliomba radhi ya mzazi, nisafiri nayo."

Mama akageuza uso polepole. "Ya safari?"

"Ya safari, mama."

"Mimi nilisikia unaniomba msamaha kwa kutukimbia matangani. Nikasema moyoni, leo msamaha sina, uchungu umenijaa. Akipiga kesho nitampa. Hukupiga kesho."

"Ningepigaje? Wewe umeninyima radhi, nami ningepiga niseme nini?"

Neno moja, jamani. Tunalitumia tukimpiga mtu kikumbo, na tunalitumia kwa kile ambacho mtoto hawezi kuishi bila kukipata kwa mzazi wake. Mmoja aliomba la pili, mwingine akamnyima la kwanza, na kwa ajili hiyo mama na mwana wakapoteza miaka ambayo hairudi. Mimi nikifika hapa huwa nakasirika, sijui namkasirikia nani.

Mama akatoa mikono chini ya kanga. "Marahaba, baba," akasema, akaitikia ile shikamoo. "Sogea hapa. Sasa unataka ipi?"

"Zote mbili, mama."

"Chukua zote mbili."

Akamwekea mikono kichwani, akamsomea dua, na Swalehe akalia kwa sauti mbele ya watu wa mataifa yote. Saa zilizobaki za kungoja hazikutosha. Wao waliokuwa wakiulalamikia urefu wake asubuhi, sasa wakaanza kuiombea ndege ichelewe. Haikuchelewa.

Kabla hawajaitwa, Bi Mwanakombo akasema, "Wanangu, madaktari wamesema nisikae peke yangu tena, nami nilikuwa sijaamua niende kwa nani. Zaituni yuko Muheza, Hemedi yuko Morogoro, Nuru yuko Dar, na kila mmoja ameniomba kwa siri akidhani wenziwe hawajaniomba. Sasa nimeamua. Siku zangu zilizobaki nitazimalizia nyumbani kwake yule aliyenirudishia Swalehe. Ni nani kati yenu?"

Swali la Nuru alilisikia, lakini nani alimtafuta Swalehe hakujua, alikuwa amelala. Alidhani atatajiwa jina moja.

Zaituni akasema, "Mama, bila sikio langu tungekaa hapa na yeye akawa ng'ambo ya ukuta, tukapanda ndege tusijue."

Hemedi akasema, "Ni kweli, dada ulimsikia, lakini alipokuona alikimbia. Mimi ndiye niliyemleta kwa miguu yake mwenyewe."

Nuru akasema, "Ulimleta, kaka, hilo halina ubishi. Lakini alikuwa ameshainuka kuondoka na kidonda kile kile, na mara hii angeondoka moja kwa moja."

"Na hilo swali lako," Zaituni akasema, "ungemwuliza nani kama nisingemsikia?"

Wakazunguka hivyo, kwa sauti za chini, bila matusi. Msiwaone wachoyo. Hakuna aliyekuwa akigombea mali, mama yao hana mali. Walikuwa wakigombea kumwogesha, kumlisha uji, kuwa karibu naye siku itakapofika. Wakamgeukia Swalehe aamue.

"Mimi ndiye kesi," Swalehe akasema. "Kesi haiwi hakimu."

Mama alikuwa akiwatazama, uso umembadilika. "Nilidhani ni jambo la mtu mmoja," akasema. "Ahadi nimeshaitoa, na sitaivunja. Lakini mimi nikimtaja mmoja, wawili watalala wakisema mama hana radhi nao. Neno hilo limeshanilia mtoto mmoja miaka yote hii. Sitalirudia. Amueni nyinyi, mniambie tukifika."

Swalehe akawasindikiza mpaka mwisho anaporuhusiwa mtu kama yeye. Ameahidi kuja likizo ikifika, na mama amemwambia aje, bila kumwambia kama atamkuta.

Ndani ya ndege hawakulala. Kila mmoja aliyapima ya wenziwe na yake, akakuta yana uzito mmoja. Zaituni alifikiri kuacha, kisha akamtazama mama akashindwa. Hemedi naye alifikiri kuacha, akashindwa. Nuru aliomba Mungu mtu mwingine aache.

Wakashuka Dar es Salaam. Nje magari matatu yalikuwa yanawangoja, moja la mume wa Zaituni, moja la mtoto wa Hemedi, moja la mume wa Nuru, na kila moja limetandikwa mto kwenye kiti cha nyuma. Bi Mwanakombo akasimama mlangoni, amechoka sana.

"Haya, wanangu. Mmeamua?"

Kila mmoja akamtazama mwenziwe.

"Basi mimi nafumba macho," akasema, "asije mtu akasema nimemtazama fulani kuliko fulani. Mwenye haki yake anishike mkono tuondoke."

Akafumba macho, akanyoosha mkono. Watoto watatu wamesimama mbele yake. Kila mmoja anautaka mkono ule kuliko kitu chochote duniani, na kila mmoja anajua kwamba akiushika, amewanyang'anya wenziwe wawili. Hakuna anayesogea. Mkono wa mama umeanza kuchoka.

Nimewafikisha mpaka hapa, mbele sikujui. Lakini mama amesimama, nanyi mmeyasikia yote. Aliyesikia, aliyengoja, au aliyeuliza: semeni, tena semeni upesi, nani aushike?