Gari Lililopanda Vizuri

Tulieni, wakubwa kwa wadogo, na anayetafuna atafune polepole. Fumbo hili lina watu watatu na jina moja, na asiyesikiliza mpaka mwisho asije akajitia hakimu.

Wilayani Rungwe, juu ya mji wa Tukuyu, katika kijiji cha Ilolelo, waliishi Lusajo na mkewe Atuganile, pamoja na binti yao mdogo, Tusekile. Karibu nao waliishi ndugu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Shangazi Subilaga, dada wa marehemu baba yake Lusajo. Kipaji chake kilikuwa pua. Gulioni alinusa mdomo wa gunia la maharage mara moja tu, akasema, "Hili limenyeshewa," na mwenye gunia akaanza kuapa kwa jina la mama yake.

Wa pili alikuwa Anyosisye, kaka yake Atuganile, mwalimu wa kwaya. Kipaji chake kilikuwa sikio. Waimbaji arobaini wakiwa wamepaza sauti, yeye aliweza kusimamisha wimbo na kumnyooshea kidole mtu wa mstari wa nyuma: "Wewe una mafua. Nenda nyumbani, utaimba ukipona."

Wa tatu alikuwa Asumwisye, mdogo wake Lusajo, aliyekuwa utingo wa malori ya mbao kwa miaka mingi. Kipaji chake kilikuwa mikono, nayo ilitangulia akili. Kikombe kikiponyoka mezani, yeye alikuwa amekwisha kukidaka wakati wengine ndio kwanza wanafumbua midomo.

Atuganile hakuwa na kipaji cha kutajwa. Alikuwa na hofu. Jumatatu tarehe 4 Aprili 2011 alitoka nyumbani kwa pikipiki akiwa na uchungu, ili akajifungue hospitalini. Mvua za masika zilikuwa zimeifanya njia kuwa uji. Pikipiki ilizama, dereva akakimbilia msaada, na Tusekile akazaliwa kandokando ya barabara, chini ya kitenge kilichoshikwa na wanawake waliokuwa wanatoka kuchuma chai. Damu ilimtoka Atuganile hadi akaacha kuzisikia sauti zao. Alipona; lakini tangu siku ile, mlio wa pikipiki ulitosha kumlowesha viganja.

Mwaka 2014 ulipoingia, alikuwa mjamzito tena, na mtoto alitarajiwa mwezi Aprili, masika yale yale. Ndipo Jumapili tarehe 16 Februari, ndugu wakiwa wamekaa sebuleni baada ya ibada, alipoweka nadhiri.

"Atakayenipatia gari la kunifikisha hospitali salama na kunirudisha salama," alisema, "mtoto huyu atachukua jina lake. Awe wa kiume, awe wa kike."

Katika ukoo ule jina halikuwa jambo la kuchezea. Mwenye jina alihesabiwa mzazi wa pili; mtoto angemtunza uzeeni, na siku ya maziko angesimama mbele ya jeneza kama mwana wa kumzaa. Tena haikuruhusiwa mtoto mmoja kubebeshwa majina mawili ya walio hai. Na tazameni waliokuwapo: Shangazi Subilaga hakujaliwa mtoto. Anyosisye alimzika mwanawe wa pekee. Asumwisye alikuwa amefika makamo bila mke, na watu wakimtania kwamba atakayemrithi ni paka.

Wote watatu walisogeza viti.

Lusajo alitaka gari dogo, lile la milango minne ya abiria na mlango wa nyuma unaoinuliwa juu kama kifuniko, lililokwisha kutumika, kwa kuwa jipya halikuwa saizi yao. Asumwisye ndiye aliyemfahamu dalali, mtu mmoja mchangamfu aitwaye Kasyupa. Jumamosi tarehe 8 Machi 2014 walishuka wote mjini kwenda kuliona. Lilikuwa jeupe, linang'aa kama sahani ya harusi.

Shangazi Subilaga alifungua mlango, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Gari hili limelala majini."

"Mama yangu!" Kasyupa alicheka. "Limeoshwa viti. Hiyo ni sabuni."

"Sabuni ipo juu. Chini ya sabuni kuna tope. Tope la siku nyingi, lenye majani yaliyooza."

"Shangazi naye!" Lusajo alinong'ona, aibu imemjaa. "Tumekuja kununua gari au mboga?"

"Nunua. Mimi nimesema."

Atuganile alitaka kusema, "Tumsikilize." Hakusema. Aliogopa kwamba wakiliacha hili wasipate jingine, na Aprili imkute tena juu ya pikipiki. Hofu ya njia ile ilimziba mdomo asiitaje hofu ya gari hili.

Sasa sikilizeni kosa walilolifanya, kosa la watu wa milimani. Huko juu, gari dogo huulizwa swali moja tu: linapanda? Hakuna anayeuliza jingine. Kwa hiyo Lusajo akaamua walipime kwa uzito wote wa familia. Kasyupa akabaki mjini akiwangoja; Lusajo alishika usukani. Shangazi alikaa mbele. Nyuma walikaa Atuganile, Tusekile mapajani pake, na Anyosisye. Ili uzito utimie, wakatia kwenye buti mkungu wa ndizi mbichi, na juu ya mkungu wakamtia Asumwisye, miguu ikining'inia nje, mlango wa nyuma umeachwa wazi na kufungwa kwa kamba.

"Shemeji, uko salama?" aliuliza Anyosisye.

"Mimi na ndizi tuko sawa. Ila ndizi zina heshima zaidi, hazijaambiwa zikunje magoti."

Kabla ya kuondoka, Shangazi aliweka sharti. "Nimepanda kwa kuwa mwanangu Atuganile amepanda. Lakini wakati wa kushuka, Lusajo, utashuka kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani. Ukizidisha, nateremka, na Atuganile anateremka."

Lusajo alikubali, kwa adabu tu.

Gari lilipanda. Lilipanda vizuri ajabu! Lilipita kona za Ilolelo bila kuguna, na Anyosisye akapiga makofi kuliko wote: "Sikieni injini hiyo! Inaimba!" Walifika nyumbani, majirani wakatoka, watoto wakaligusa. Atuganile naye alicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi viganja vyake vilikuwa vikavu.

Kisha wakageuza gari kulirudisha kwa Kasyupa, wakamalizane.

Mteremko wa Ilolelo una ukuta wa udongo upande mmoja, na upande wa pili hauna kitu. Ni korongo, na chini kabisa mto unaosikika lakini hauonekani. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeanza. Lusajo alishuka polepole kama alivyoagizwa, akikanyaga breki na kuachia, akikanyaga na kuachia. Atuganile aliukumbatia mwili wa Tusekile kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, akawa anahesabu kona kimoyomoyo. Kila kona aliona kitu kile kile: ukingo, ukungu, halafu hakuna.

Anyosisye alikuwa anazungumza. Ghafla akanyamaza katikati ya neno. Atuganile alimtazama kaka yake, akaona ameinamisha kichwa kama anavyofanya kanisani sauti moja inapopotea. Chini ya gari, kila breki ilipokanyagwa, kulikuwa na mluzi mwembamba. Hakuna mwingine aliyeusikia. Ulikuwa unashuka, unashuka, kisha ukakatika.

Anyosisye aliinua mkono wa kushoto. "Chepuka! Kushoto, njia ya chai! Sasa!"

Jueni kwamba Lusajo aliimba besi katika kwaya ile kwa miaka tisa. Mkono wa Anyosisye ulipoinuka, hakuuliza. Alikata usukani kushoto, gari likaingia katika njia nyembamba inayopanda kati ya mashamba ya chai, njia ya mwisho kabla ya kona kubwa. Ndipo alipokanyaga breki, na kanyagio likazama hadi sakafuni kama mguu katika tope.

"Breki hamna," alisema. Alisema kwa sauti ndogo sana, na udogo wa sauti ile ndio uliomwogopesha Atuganile kuliko kelele.

Gari lilipanda ile njia kidogo, likachoka, likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma.

Lusajo alivuta breki ya mkono. Ikaja yote mkononi, legelege. Shangazi alikuwa anaomba kwa Kinyakyusa. Atuganile aligeuka, akaona kupitia mlango wa nyuma ulio wazi: barabara inakuja, na ng'ambo ya barabara, ule ukingo. Alikiinamisha kichwa cha Tusekile kifuani pake, asione.

Asumwisye hakuwamo tena kwenye buti. Alikuwa ameruka chini na mkungu wa ndizi kifuani. Aliutupa nyuma ya tairi. Tairi likaupanda, ndizi zikapasuka, gari likaendelea kuteleza juu ya utomvu. Akautia tena, safari hii akiusukumiza kwa mikono miwili na kuukaza kwa bega, na hakuiondoa mikono. Gari lilitikisika. Likasimama. Tairi la nyuma lilikuwa limegusa barabara.

Walitoka mmoja mmoja. Asumwisye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuondoka pale, kwa sababu vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa chini ya mkungu. Havikukatika, lakini hadi leo havikunjiki.

Fundi alipolala chini ya gari lile alikuta bomba la breki limeliwa na kutu hadi kutoboka, na ndani ya kona za chasi tope lililokauka, lenye vipande vya majani.

Wiki mbili baadaye familia ilinunua gari jingine, dogo vilevile, la rangi ya udongo, lenye mlango uliobonyea. Safari hii Shangazi alilinusa zulia kwa zulia. Anyosisye aliamuru lizimwe na kuwashwa hadi mwenye gari akachoka. Asumwisye, mkono ukiwa na bandeji, alilisukuma, akalitikisa, akavuta breki yake ya mkono mteremkoni likiwa na watu wazima ndani. Wote watatu waliposema ndiyo, Lusajo alilipia. Jumanne tarehe 15 Aprili 2014, mvua ikimwagika, gari lile lilimshusha Atuganile hadi hospitalini, akajifungua mtoto wa kiume, na siku ya pili likampandisha nyumbani. Salama, na salama.

Hapo ndipo hofu mpya ilipoanza.

"Mtoto wetu Subilaga hajambo?" aliuliza Shangazi alipoingia kumtazama mzazi.

"Shangazi, huyo ni Anyosisye mdogo," alisema mwalimu wa kwaya. "Sikia anavyolia. Yuko kwenye sauti yake."

"Bila pua yangu mngeshuka mbio kama wendawazimu. Sikio lako lingesikia nini? Upepo?"

"Mwendo wako wa msibani, Shangazi, ulikuwa unatupeleka msibani kweli. Kushuka polepole bila pa kuchepukia ni kuanguka polepole."

Asumwisye alicheka akiwa mlangoni. "Ninyi wawili mlikuwa mmekaa. Mmoja ananusa, mmoja anasikiliza. Mkono ni wangu." Akauinua ule wenye vidole vilivyosimama.

"Na dalali alikuwa wa nani?" Shangazi alimrukia. "Si wako?"

"Na hizo breki alizichosha nani, kwa kukanyaga na kuachia njia nzima? Si sharti lako?" Anyosisye alimwuliza Shangazi.

"Na aliyepiga makofi injini inaimba, sikio lake lilikuwa wapi?" alidakia Asumwisye.

Walicheka wote, lakini kicheko kilikatika mapema, na kila mmoja akamtazama mtoto. Atuganile, kitandani, aliona macho ya wale watatu yalivyomtazama mwanawe, akaogopa kama alivyoogopa mteremkoni. Aliona kwamba nadhiri ile, aliyoitamka ili aokoke, sasa ingeumiza wawili kati ya watatu waliomwokoa. Usiku alimwuliza mumewe.

"Baba Tuse, wewe wasemaje?"

"Mmoja ni shangazi yangu, mmoja ni mdogo wangu, mmoja ni kaka yako," Lusajo alijibu. "Mimi niliendesha tu. Nadhiri ni yako, mama Tuse."

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 8 Juni 2014, kanisa lilijaa. Shangazi Subilaga alivaa kitenge kipya. Anyosisye alisimama mbele ya kwaya, lakini hakuinua mkono wimbo uanze. Asumwisye alikaa benchi la mbele, mkono wa kulia umelazwa gotini. Mchungaji alimpokea mtoto, akachota maji kwa kiganja, akamwinamia Atuganile.

"Mtoto huyu anaitwa nani?"

Maji yanadondoka kati ya vidole vya mchungaji. Atuganile amefumbua mdomo, na sauti haijatoka. Mmoja aliwafanya washuke polepole, mmoja aliwatoa barabarani, mmoja alilizuia gari lisirudi. Mmoja angekosekana, leo pasingekuwa na mtoto wala mama wa kuulizwa.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msimwache peke yake. Mngelitaja jina la nani? Na mkishalitaja, mngewageukia wale wawili na kuwaambia nini?